Sahani ya Kwanza ya Shughuli Haitaki Mambo Mengi

Assalaamu alaykum, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma. Hamjambo nyote.

Mwenyekiti aliponialika alinitaka nizungumze juu ya upishi wa shughuli kwa jumla. Nimemuomba radhi. Pilau na biriani zina wenyewe humu ukumbini, na wapo waliozipika kabla mimi sijajua kushika mwiko. Leo nataka sahani moja tu: ile inayopitishwa wageni wangali wanaingia, wanavua viatu, wanaulizana hali za watoto, na masufuria makubwa bado yamefunikwa jikoni. Vitafunwa vya kutangulia. Kila shughuli inavyo, iwe harusi, iwe akika, iwe mtoto kamaliza chuo, na vinatuumiza mfuko kuliko inavyostahili.

Nawaambia ninachokiona. Familia inakaa kitako wiki ya mwisho kabla ya harusi na kuandika: sambusa za nyama, sambusa za kuku, katlesi, kababu, soseji, vipapatio vya kuku, keki ndogondogo. Aina saba, aina nane. Mikono ya kuzipika zote nyumbani haipo, kwa hivyo zinaagizwa, na zinaagizwa kwa deni. Zinaletwa saa nne asubuhi ndani ya makatoni, na wageni wanaanza kuingia saa kumi alasiri. Sambusa iliyokaa muda wote huo kwenye katoni, na joto letu hili la Malindi, manda imelegea, mafuta yameganda, na nyama iliyo ndani ni mashaka matupu. Nimesimama nyuma ya meza nyingi za shughuli mjini hapa na nimeangalia sahani zinavyorudi jikoni. Mgeni kamega kidogo, karudisha. Halafu baba mtu analipa deni hilo mpaka mfungo tatu.

Mimi nasema hivi: aina tatu zinatosha. Kila aina vitu vyake visizidi vitano. Vipikwe nyumbani, viliwe vya moto, au viwe vya aina isiyoharibika ikipoa. Sisemi haya kwa ubahili. Chakula chenye viungo kumi na viwili, kimoja kikiwa kibovu kinafunikwa na vingine. Chenye vitatu hakuna kinachofunikwa. Nazi iliyochacha itajulikana, kitunguu kilichozeeka kitajulikana, mafuta yaliyokaangiwa samaki juzi yatajulikana. Kwa hivyo anayepika kwa vitu vichache hana budi kwenda sokoni mwenyewe, achague, anuse, abonyeze. Na hiyo kazi ya kuchagua haina bei. Ni macho na pua tu.

Nianze na bajia za kunde, na hapa mnivumilie maana nitakaa.

Kunde, kitunguu maji, pilipili mbichi, dania, chumvi. Basi. Wako wanaotia hamira, wako wanaotia unga wa ngano, wako wanaotia yai. Vyote hivyo vinatiwa ili kufidia kazi ambayo mkono haukuifanya. Bajia ya kunde inaumuka kwa hewa, na hewa inaingia kwa kupigwa.

Nunua zile kunde nyeupe zenye jicho jeusi. Kunde nyekundu zina ladha nzuri kwenye mchuzi wa nazi, lakini ganda lake ni gumu kutoka na bajia inakuwa nyeusi. Nusu kilo itakupa bajia ndogo 50 hivi. Chambua, osha, loweka usiku kucha kwa maji mengi, kwani zitafura mara mbili. Asubuhi tia mikono miwili ndani ya beseni na uzisugue kama unayefua nguo laini. Maganda yatapanda juu ya maji yenyewe. Mimina maji na maganda yake, tia maji mengine, sugua tena. Endelea hivyo mpaka uone kunde nyeupe tupu. Kina mama wengi huchoka hapa wakaacha maganda nusu. Nawaomba msiache. Ganda ndilo linalofanya bajia iwe nzito na ikwaruze ulimi.

Kisha saga. Mwenye kinu na mchi atumie kinu, mwenye blenda atumie blenda, lakini maji yawe machache sana, kiasi cha kuisaidia mashine kuzunguka tu. Rojo liwe laini lakini zito, ukilichota kwa kijiko lisimwagike. Likishakuwa jepesi halirudi. Ndipo watu hukimbilia unga wa ngano.

Sasa kupiga. Tia rojo kwenye bakuli pana, upige kwa mwiko au kwa mkono, upande mmoja, kwa nguvu, dakika kumi ukiweza. Utaliona linabadilika rangi, linakuwa jeupe zaidi na linafura. Kujua kama limekuwa tayari, weka glasi ya maji pembeni na udondoshe tone la rojo ndani yake. Likizama, endelea kupiga. Likielea, limetosha. Kipimo hiki hakidanganyi, na ukikifuata mara moja hutakiacha.

Kitunguu, pilipili na dania vikatwe vidogo vidogo na vitiwe mwisho kabisa, pamoja na chumvi, wakati mafuta yameshapata moto. Chumvi hutoa maji kwenye kitunguu. Ukitia mapema na ukaliacha rojo lisubiri wageni, utakuta limejaa maji na kazi yote ya kupiga imepotea.

Mafuta yawe ya kina cha vidole vitatu ndani ya karai. Dondosha punje ya rojo: ikizama na kukaa chini, bado, ikipanda mara moja ikizungukwa na mapovu, anza, ikigeuka rangi ya kahawa papo hapo, punguza moto, kwa sababu nje itaungua na ndani itabaki mbichi. Wenye kipimajoto watafute kati ya nyuzi 170 na 180. Usijaze karai. Kila bajia unayotia inapoza mafuta, na mafuta yakipoa bajia inayanywa. Hii ndiyo siri ya bajia zinazoacha doa kwenye karatasi: mpishi alikuwa na haraka, akatia ishirini kwa pamoja.

Napenda kuwakumbusha kuwa kitu hiki kinajulikana mbali. Nigeria na Benin wanazipika hivi hivi, kunde zilizotolewa maganda zikasagwa na kupigwa, na wanaziita akara. Waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ile walikwenda nao ujuzi huo mpaka Brazil, na leo katika mji wa Salvador wanawake wanazikaanga kando ya barabara kwa mafuta ya mawese. Watu walionyang'anywa kila kitu walibaki na chakula chenye vitu vitatu kichwani mwao, na kikaendelea kuwalisha watoto wao kwa karne nyingi. Sisi hatujanyang'anywa. Tuna kunde sokoni na tuna mama zetu wa kutufundisha, na bado tunaagiza soseji.

Bajia inakwenda na chatini ya nazi. Nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, punje ya thomu, yaani kitunguu saumu, ndimu, chumvi. Saga, basi. Lakini nazi uitikise kabla ya kulipa na usikie maji yake, isiyolia usiichukue. Na chatini ifanywe siku ile ile, ikiwezekana saa ile ile. Nazi iliyokunwa haina subira na joto, hasa Februari na Machi. Ukiwa na friji iingie friji, ukiwa huna ifanye mwisho. Wasiokuwa na muda wa nazi, ukwaju ulioloweshwa maji ya moto, ukachujwa, ukatiwa chumvi, sukari kidogo na pilipili, unakaa siku kadhaa bila shida.

La pili ni muhogo. Sisi wa Kaunti ya Kilifi tukinunua kripsi za viazi za pakiti kwa ajili ya wageni, tunajidhulumu. Muhogo unalimwa hapo Magarini na Ganze, unashushwa sokoni asubuhi, na kachri zake, yaani kripsi za muhogo, ni muhogo, mafuta, chumvi, pilipili ya unga na ndimu.

Chagua muhogo uliochimbwa karibuni. Muhogo hauvumilii: siku mbili tatu baada ya kung'olewa unaanza kupata mistari ya buluu na nyeusi ndani. Mwambie muuzaji auvunje mbele yako, uone weupe. Na hapa nasema kwa uzito, vijana mnisikilize: muhogo mchungu una sumu. Muhogo wote una asili ya sumu hiyo, lakini katika muhogo mtamu ni kidogo na sehemu kubwa iko kwenye ganda. Kwa hivyo nunua muhogo mtamu tu, kwa mkulima au muuzaji unayemjua, menya ganda lote pamoja na lile la ndani lenye rangi ya waridi, na usimpe mtoto aonje mbichi. Kipande kikiwa kichungu mdomoni, tupa muhogo mzima. Usiseme mafuta yataua. Kukaanga hakuondoi uchungu ule.

Ukishamenya, kata duara nyembamba, loweka kwenye maji nusu saa ili wanga wa juu utoke, kisha uzitandaze juu ya kitambaa safi na uzikaushe sawasawa. Maji yakiingia kwenye mafuta ya moto yatakurukia. Kaanga kidogo kidogo mpaka sauti ya kuchemka ipungue, maana sauti ile ni maji yanayotoka. Ikinyamaza, kachri imekauka. Toa, nyunyiza chumvi na pilipili ingali ya moto ili zishike. Ndimu ikamuliwe wakati wa kula, si kabla, la sivyo zitalainika.

Uzuri wa kachri ni kwamba zinapikwa mapema. Jumanne unakaanga, zikipoa kabisa unazifungia kwenye mkebe usiopitisha hewa, Jumamosi zinalia krak mdomoni. Harusi nyingi zinaharibika jikoni kwa sababu kila kitu kinasubiri asubuhi ya siku yenyewe.

Sasa nizungumzie jambo ambalo mtu wa mji mwingine asingelifikiria. Waitaliano walianza kuja huku miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha San Marco, kule Ngomeni, kilichokuwa kikirusha setilaiti kutoka baharini. Ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na ndiyo maana ikapewa jina hilo. Wengi walifuata baadaye, na watoto wetu wamefanya kazi katika majiko yao, wamejua lugha yao. Lakini majumbani kwetu tumechukua piza na aiskrimu peke yake, tukaacha kitu chao chepesi kuliko vyote: brusketa.

Ni mkate, nyanya, thomu, chumvi na mafuta ya zeituni. Boflo la jana ni bora kuliko la leo. Kata vipande vya unene wa kidole, uvichome juu ya makaa pande zote mbili mpaka vishike rangi na viwe vigumu. Vikiwa vya moto, chukua punje ya thomu uliyoimenya na uisugue juu ya mkate. Ukavu wa mkate unaikwangua thomu yenyewe. Nyanya ziwe zimeiva kweli, zikatwe vidogo, mbegu na maji yake zitolewe, zitiwe chumvi na kuachwa kwenye chujio robo saa. Ukipuuza hatua hiyo mkate utalowa kabla haujamfikia mgeni. Panga juu, dondosha mafuta ya zeituni. Najua bei yake, lakini ni matone tu, na chupa ndogo itatosha shughuli nzima. Asiyeyapata atie mafuta ya simsim, nayo yana harufu yao nzuri. Panga wageni wakiwa wameketi, si nusu saa kabla.

Nawasifia Waitaliano katika hili kwa moyo mmoja. Mkate wa jana na nyanya, na wanampa mgeni wa heshima bila kuomba radhi.

Samaki nitasema kwa ufupi, kwa kuwa bei yake inafuata upepo. Wakati wa kaskazi bahari imetulia, vyombo vinatoka, na jodari au nguru anapatikana kwa bei ya kuzungumzika. Wakati wa kusi afadhali uache. Ukimpata, kata vipande vya ukubwa wa ndimu ndogo, utie ndimu, thomu na chumvi, dakika ishirini zisizidi, kwani ndimu ikikaa inaivisha nyama na kuifanya imomonyoke. Vijiti viloweshwe maji nusu saa visije vikaungua. Choma juu ya makaa makali, dakika mbili tatu kila upande, na umwite mgeni aje palepale jikoni. Waliowahi kula sambusa za kaa kule hori ya Mida wanajua kuwa kiumbe cha baharini hakitaki viungo vingi kumfunika.

Na maembe mabichi je? Ngowe changa iliyokatwa vidole, chumvi, pilipili. Hakuna mtoto wala mtu mzima atakayeiacha, na hata jiko hujaliwasha. Korosho kadhalika: kausha kwenye kikaango moto mdogo, nyunyiza maji ya chumvi, koroga mpaka zikauke. Ila korosho na njugu zina watu zinazowadhuru vibaya, kwa hivyo ziwekwe sahani yake peke yake, na anayepitisha aseme wazi ni nini.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea. Kama pilau inafuata, hesabu vipande vinne au vitano kwa kila mgeni, vya aina zote kwa pamoja. Si vinne vya kila aina. Kitangulizi kinatakiwa kimfanye mgeni azungumze na angojee chakula, si kimshibishe akaja kuiangalia pilau kwa macho. Wageni mia moja ni vipande 400 au 500. Bajia nusuye, yaani kunde kilo mbili hadi mbili na nusu. Nusu nyingine iwe mikate au maembe, na kachri ziwekwe kwenye mabakuli watu wachukue wenyewe. Kaandike hivyo, halafu kaweke karibu na ile orodha ya soseji na keki ulete majumlisho yote mawili kwa mume wako au kwa kaka zako. Wataelewa bila ya kuhubiriwa.

Kazi igawanywe. Wasichana wawili kunde, mmoja muhogo, mmoja nyanya. Mtu mzima mmoja akae na karai na asiondoke, hata aitwe na nani. Namaanisha hasa. Karai la mafuta si la kuachiwa mtoto, wala si la kuwekwa mlangoni ambapo watu wanapita na mabuibui. Mafuta yakishika moto, msimwage maji. Nasema tena, msimwage maji, yatalipuka na kusambaa jiko zima. Zima gesi, funika karai kwa kifuniko cha chuma au sinia kavu, mliache likiwa limefunikwa mpaka lipoe. Kifuniko hicho kiwe kimeshawekwa pembeni kabla hujaanza kukaanga.

Na chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, hasa samaki na chochote chenye nazi. Kaanga kwa mikupuo, toa kidogo kidogo, jaza sahani inapopungua. Mgeni anayekuja mwisho apate bajia ya moto sawa na aliyekuja mwanzo. Sahani ifunikwe kwa kawa, si kwa karatasi ya nailoni, maana nailoni inashika mvuke na bajia inalainika. Kawa la ukindu linapumua.

Nimeona dada mmoja anainua mkono kuhusu viazi karai. Ndiyo, mpendwa, navipenda. Viazi vya kuchemsha, unga wa dengu, manjano, chumvi, ndimu. Vinaingia kwenye hesabu yetu bila taabu. Lakini vinashibisha sana, basi viwe vidogo, na ukiweka viazi karai punguza mikate.

Nje, chini ya mwembe, kuna beseni mbili za kunde zilizolowekwa tangu jana usiku, vinu viwili, na glasi za maji za kupimia. Tugawanyike makundi mawili. Nyinyi vijana ndio mtakaosugua maganda na kupiga rojo, sisi tutawaangalia. Makaa yameshawashwa, kwa hivyo tusichelewe.